Unga Kwenye Vishonanguo

Nilipokuwa mtoto tulihamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Masumbwe. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na kila mtu akapata jirani ambaye hakumchagua. Wetu alikuwa Mayu Holo, mjane mzee asiye na mtoto, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni. Kwetu macho hayo peke yake yalitosha mtu kuogopwa.

Mvua zilipokaribia kwisha, vishonanguo, yale magugu ya mbegu zinazonasa nguoni, vya kando ya njia ya kwenda kwake vikawa vyeupe, kana kwamba vimenyunyiziwa unga. Mlenda ulioota katikati yavyo ukabaki kijani. Siku hizo hizo akafa ndama wa Mzee Masanja, wa mstari wa nyuma yetu. Watu wakaunganisha mambo. Tuliambiwa mchawi hutembea na unga wa kulishia fisi wake, na unga huo hauanguki kwenye kila jani.

Asubuhi moja Mzee Masanja akaja kwa Mayu Holo na wanaume wenye marungu. "Ahame leo. Akikataa, tunachoma nyumba."

Mama yangu alikuwa anatwanga uani kwetu, hapo jirani. Akaweka mchi chini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usituzuie."

"Sizuii mtu. Nataka kwanza nione kwako."

Akatangulia, nasi tukamfuata hadi nyuma ya choo cha Mzee Masanja. Vishonanguo vya pale vilikuwa vyeupe pia.

"Na hapa Mayu Holo alipita?"

"Labda aliingia usiku."

"Chooni kwako, baba? Alifuata nini?"

Mwanamume mmoja akacheka, na wenzake wakashindwa kujizuia. Wakazunguka kijiji wenyewe. Karibu kila palipoota kishonanguo walikuta unga ule. Nyumba haikuchomwa.

Sekondari nilifundishwa kwamba ule ni ubwiriunga, aina ya kuvu, na kwamba kuvu wa namna hiyo huchagua mmea wake na kuuacha wa jirani. Sikushangaa sana. Mama alikuwa ameonyesha hivyo bila kujua jina.

Lakini jioni ya siku ile ile, Mayu Holo alipomletea viazi vya kushukuru, Mama alipokea kwa mikono miwili, kisha, mgeni alipoondoka, akavimwaga shimo la taka. Nikamwuliza kwa nini.

"Nyumba yake nimeizuia isichomwe," alisema. "Lakini nyinyi ni watoto wangu, siwezi kuwajaribia."

Sasa nami nina watoto, na simlaumu. Aliona kwa macho yake kwamba yule mjane hana kosa, na bado akaogopa, kama sisi wote. Hakuna aliyekwenda tena kuomba moto kwa Mayu Holo. Kabla ya mavuno alifunga mzigo wake akaenda kwa ndugu zake Kahama. Hakufukuzwa. Ila hakuna aliyemsindikiza.