Ufunguo Pindoni

Mume wangu ndiye aliyeuleta mchezo huu nyumbani kwetu Bagamoyo, nami nikakubali baada ya kucheka siku mbili. Ni kifaa kidogo cha chuma. Mwanamume hukivaa ndani ya nguo, kikafungwa kwa kufuli, na tangu hapo mambo ya chumbani yanasubiri mpaka mwenye ufunguo apende. Mwenye ufunguo ni mimi. Tuna sharti moja tu, na nililiapia: akisema "nimechoka", nafungua hapo hapo, bila swali wala mzaha.

Tulipoalikwa Pangani kwenye harusi ya ndugu yake, alitaka tusafiri na mchezo wetu. Akaninunulia kijisanduku cha kuhifadhia ufunguo, chenye namba za siri, ukubwa wake kama kiberiti. Nilikicheka. Mimi mwanamke wa pwani nifundishwe na kijisanduku mahali pa kuweka kitu cha thamani? Sijamwona mwizi aliyewahi kufungua fundo la kanga ya mwanamke. Nikakiacha mezani, ufunguo nikaufunga pindoni, tukapanda basi. Tulipofika Msata aliniuliza kwa mara ya tatu kama bado upo. Nikamwambia ale muhindi wake anyamaze.

Nilichosahau ni sare. Harusi za kwetu, wanawake wa upande mmoja hununua kanga moja, rangi moja, maneno yale yale. Siku ya harusi nikauhamishia ufunguo kwenye sare. Tulikuwa kama thelathini uani, tunachambua mchele na kukuna nazi, na kwa kuogopa moshi tukavua kanga za juu tukazirundika kitandani. Iliposikika kwamba bwana harusi anaingia, kila mtu akakwapua iliyo karibu, akajitanda, akatoka mbio kupiga vigelegele.

Ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Ni mume wangu, kutoka upande wa wanaume: "Nimechoka. Kinabana."

Nikafungua pindo. Nikakuta pipi mbili za kikohozi na picha ndogo ya mwanamume nisiyemjua.

Nilimfikiria yeye, ameketi mkekani mbele ya sinia la pilau, anatabasamu na wajomba zake, anaamini nimekwisha kuinuka. Niliuchukia ubishi wangu. Ningeweza kumnong'oneza mmoja mmoja, lakini watu thelathini ni saa nzima, na mimi niliapa hapo hapo. Nikapanda juu ya kiti.

"Mama zangu, dada zangu, samahanini! Kanga zimechanganyika. Kila mtu atazame pindo lake, kuna ufunguo wangu mdogo."

Vigelegele vikakatika. Sijapata kuona wanawake wengi namna ile wakigeukia ukuta kwa pamoja. Kila mmoja alifungua fundo kwa kujificha, na kila mmoja akakuta siri ya mwenzake.

"Jamani, hirizi hii ya nani?" aliuliza mmoja.

Bibi mmoja wa heshima zake, aliyetuongoza dua asubuhi ile, alinijia kimya kimya, akaichukua ile picha mkononi mwangu na kuondoka bila kunitazama.

Ufunguo ulikuwa kwa mama mkwe. Aliuinua juu, wote wakauona.

"Mdogo hivi, unafungua nini, mwanangu?"

Uongo nilikuwa nao tayari: begi, kabati, sanduku la vito. Lakini simu ililia tena mkononi, na uongo ungezaa maswali mengine kumi.

"Unamfungua mwanao, mama."

Ua mzima ukaangua kicheko. Wakanipigia hadi makofi, wakidhani ni utani wa harusini. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alinitazama, akautazama ufunguo, akanitazama tena. Kisha akaushindilia kiganjani mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Kimbia," akasema taratibu. "Yule mpaka aite mtu, ujue amevumilia kweli."

Nilikimbia bila viatu.