Korosho Mbichi na Tarumbeta

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Rahaleo, Mtwara, na tarumbeta la kanisani nililipiga kwa hasira. Noti ya juu ikigoma, nalikandamiza mdomoni mpaka linaniachia alama ya duara, nami naionea fahari. Aliyenifundisha alikuwa mpakia mizigo wa bandarini, mtu mwenye subira kuliko wote niliowahi kuwajua. Kila jioni alirudia lile lile: "Mwalimu, usikandamize. Acha midomo ifanye kazi."

Msimu wa korosho ulipofika, mzazi mmoja wa Mtawanya alinipa kikapu cha korosho mbichi. Mtu wa bara mimi, nikazipasua kwa meno, kitu ambacho mtoto yeyote wa Mtwara angenikataza. Mafuta ya ganda yakaniunguza midomo, ikavimba. Nilikwenda mazoezini kuomba ruhusa tu. Yule mpakia mizigo alinitazama, akacheka.

"Kaa, Mwalimu. Leo huwezi kukandamiza."

Nikaligusisha tarumbeta mdomoni kidogo, nikapuliza kwa woga. Sauti ikatoka nyembamba lakini safi, ikapanda bila kukwama. Kwa wiki mbili alinishikilia hapo hapo, noti moja moja, na hata siku moja hakunipandishia sauti.

Midomo ilipopona, nikaanza tena kukandamiza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mazoezi yaliyofuata nilikuta juu ya kiti changu korosho moja mbichi, na ganda lake.