Neno la Kwenye Mto wa Kulalia

Fundi cherehani alikuwa hodari wa kudarizi maneno ya Kiingereza asiyoyajua. Aliyanakili kama maua, herufi kwa herufi, na wateja wakamsifu. Siku mkwewe, mke wa mwanawe, alipomwambia kwamba neno refu hukatwa vipande kama kitambaa, fundi alinyakua chaki yake na kuufuata mto wa kitandani kwake. Mwaka wa harusi yake mwenyewe alikuwa ameudarizia neno moja zuri alilolitoa kwenye boksi la vikombe.

Akapiga mistari papo hapo: un, break, a, ble.

“Un inakanusha, mama,” alisema mkwe. “Break ni kuvunja. Hivyo viwili vya mwisho vikiungana, ni kuwezekana.”

Fundi akaviunga kimoyomoyo, mara akaruka. “Hakivunjiki!” Akatoka mbio hadi uani, mto kwapani. “Mume wangu, hakivunjiki!”

“Nini tena, kitanda?” aliuliza mumewe, randa mkononi.

“Kitanda gani, wewe! Vile vikombe vilivunjika vyote kabla hatujapata mtoto wa kwanza,” alisema akihema. “Sisi je?”