Apewe Habiba

Enzi zetu kitabu kilifunguliwa kutoka nyuma. Ninyi mliosoma nami pale Garsen, katika yale madarasa mawili yaliyoelekea mto Tana, mnajua ninachosema, na kama mmesahau basi mmeamua kusahau. Watoto wa siku hizi nikiwaambia hivyo hudhani nazungumzia vitabu vya Kiarabu. Hapana. Vilikuwa vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vimechakaa mpaka kingo zake zikawa laini kama leso kuukuu, na vyote vilikaa ndani ya sanduku la bati la Mwalimu Kazungu, aliyetufundisha Kiswahili hadi darasa la saba.

Mwalimu alikuwa akirudi kutoka kwao Malindi kila muhula na vitabu vitatu au vinne ndani ya mfuko, na sisi tulikuwa zaidi ya arobaini. Kwa hiyo akatunga utaratibu wake. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu alibandika karatasi ya daftari kwa uji mzito wa ngano. Ukimaliza kusoma, uliandika jina lako, ukasema kweli kuhusu kitabu kwa maneno machache, kisha ukasema apewe nani. Hakuna aliyekuwa na haki ya kupokea kitabu mpaka mwenzake aandike kwamba apewe. Na kufuta kulikuwa haramu. "Ukiandika, umeandika," alikuwa akisema Mwalimu. "Mimi sitaki kuona kifutio hapa."

Nakumbuka tulivyokuwa tukizing'ang'ania zile karatasi. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzetu wa madarasa mengine walikimbilia mpira, sisi tulikimbilia mtumbwi mbovu uliopinduliwa kando ya jiko la shule, tukaketi juu yake na mihogo yetu ya kuchoma, mikono imejaa majivu, tukisoma nani kasema nini. Mmoja ameandika, "Kimenifanya niunguze ugali, nikapigwa. Kinastahili." Mwingine, "Kurasa za katikati ruka, hakuna kitu." Mimi mwenyewe niliandika juu ya shujaa mmoja kwamba ni mvivu na nisingekubali kuolewa naye hata kwa ng'ombe hamsini, na wavulana wakanitania kwa jambo hilo hadi likizo. Tulibishana mpaka mate yakakauka. Ukimsifia mwenzako kitabu naye akakiona kibaya, ulikuwa na kesi ya kujibu wiki nzima.

Mwaka mmoja mto ulifurika ukaingia hadi chumba cha walimu. Sanduku lilipofunguliwa, vitabu vilikuwa vimevimba kama mikate. Tulivianika juu ya mabati kwa siku nne, zamu kwa zamu, tukifukuza mbuzi, na vilipokauka vikawa vinanuka tope la Tana moja kwa moja. Mpaka leo nikisikia harufu ya tope linalokauka juani, nakumbuka hadithi.

Na hakuna aliyeandika nyuma ya kitabu kama Habiba. Alikuwa msichana wa Kiorma, akikaa kwa shangazi yake karibu na barabara ya Lamu wakati baba yake yuko malishoni na mifugo. Alipokuja shule Kiswahili chake kilikuwa "njoo" na "maji" tu. Kufikia darasa la saba akawa anatusahihisha sisi Wapokomo tuliojiona wenye lugha. Kuhusu kitabu kimoja ambacho sote tulikisifu aliandika, "Aliyeandika hiki hajawahi kuchunga. Ng'ombe mwenye kiu hangoji aimbiwe." Tukakirudia kitabu kizima, tukaona ni kweli, tukaaibika kwamba hatukuona. Tangu hapo, kitabu ambacho Habiba amekisema vizuri kilikuwa na foleni, na alichokisema vibaya kilikaa chini ya sanduku kikala vumbi.

Mimi na yeye tulikaa dawati moja miaka mitatu. Yeye alileta maziwa ndani ya kibuyu, yakinukia ule moshi wanaofukizia vibuyu kwao, mimi nilileta samaki wa kukaanga au ndizi za shambani kwetu. Alinywa, nilikula, tukabadilishana, kisha tukasoma kitabu kimoja kwa macho manne, yeye akinisubiri mwisho wa ukurasa kwa sababu alisoma haraka kunizidi. Sitawaficha: nilimpenda Habiba, na nilimwonea wivu. Kabla hajaja, mimi ndiye niliyekuwa nikisifiwa na Mwalimu.

Muhula wa pili wa darasa la saba kulikuwa na kitabu kinene kuliko vyote, kisa cha ndugu wawili waliogombea nyumba ya marehemu baba yao. Kilinifikia mimi kwanza. Habiba alikitamani tangu kilipotoka mfukoni mwa Mwalimu, na kila asubuhi aliniuliza kwa mzaha, "Esta, ukimaliza apewe nani?" Nami nikajibu, "Apewe Habiba." Ikawa salamu yetu.

Mwaka huo ukame ulikuja mapema, na mifugo ikashuka mtoni kabla ya wakati wake. Asubuhi moja tulikwenda shambani tukakuta mpunga wa baba umelazwa wote, kwato kila mahali, na mabua yaliyobaki yametafunwa hadi shinani. Mama alikaa palepale kwenye tope, akajishika kichwa. Sikuwahi kumwona mama akilia mbele yetu. Baba hakulia. Alisimama na panga mkononi akasema, "Kuanzia leo sitaki kusikia jina la yule rafiki yako wa ng'ombe ndani ya nyumba yangu." Hakuna aliyejua ng'ombe walikuwa wa nani. Walikuwa ng'ombe, na Habiba alikuwa Muorma. Kwetu ilitosha.

Siku hiyohiyo, kwa hasira na kwa njaa, na kwa ule wivu uliokuwa ukisubiri nafasi, nilimalizia kurasa za mwisho nikiwa darasani. Kisha nikageuza jalada la nyuma nikaandika kwa wino: "Kizuri sana. Apewe Komora. Asipewe Habiba, ng'ombe wao watakila."

Komora, mwana wa jirani yetu, alikipokea, akasoma, na hakuweza kujizuia. Alipanda juu ya benchi akalisoma lile neno kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Darasa likalipuka kwa kicheko. Mlicheka, wenzangu. Nami nilicheka, tena kwa nguvu, kwa sababu kwa mara ya kwanza maneno yangu yalikuwa yamewafurahisha watu kuliko ya Habiba. Yeye alikuwa ameketi kando yangu. Hakuinua macho. Alivuta madaftari yake polepole kutoka upande wangu wa dawati akayaweka upande wake.

Mwalimu Kazungu aliposikia, hakunichapa. Heri angenichapa. Alikichukua kitabu kwa Komora, akamkabidhi Habiba mkononi.

Kilirudi baada ya siku tatu. Kilikuwa kimevikwa jalada jipya la karatasi ya pakiti ya unga, pembe zimekunjwa sawasawa, hakina hata doa. Tukakifungua kutoka nyuma kama kawaida yetu. Chini ya mwandiko wangu aliandika: "Nimekisoma chote. Hakikuliwa. Ila mwisho wake si wa kweli. Watu waliokoseana hawapatani kwa ukurasa mmoja." Mahali pa kuandika apewe nani aliacha wazi. Katika sanduku lote la Mwalimu, hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu hakumpendekezea mwenzake kitabu.

Safari hii hakuna aliyecheka. Nilikichukua kitabu na kifutio na wembe, nikamwendea Mwalimu chumbani mwake, nikamwomba aniruhusu nikwangue mstari wangu. "Ukiandika, umeandika," akasema, akarudi kusahihisha madaftari.

Habiba aliomba kuhamishiwa dawati la mbele. Hakuazima tena kitabu, na bila yeye ile mijadala juu ya mtumbwi ikapooza. Tuliandika "kizuri" na "kizuri kiasi", basi. Mwaka ulipofungwa watu wao wakahama kufuata majani, na darasa la nane lilipoanza kiti chake kilikuwa kitupu. Wengine walisema ameolewa, wengine kwamba shangazi yake amehama. Mimi nilikuwa na mdomo wa kuuliza na sikuuliza.

Miaka ikapita, baba akazeeka, na siku moja kaka yangu alikuwa akinionyesha mipaka ya shamba ili tugawane. Akanyoosha kidole kwenye kipande kile cha mpunga, akacheka. "Hapa palikuwa malka," akasema. Malka ni njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, ambayo Waorma na sisi tuliikubali kabla babu zetu hawajazaliwa. "Mzee aliilima yote mwaka ule. Ng'ombe wangepita wapi, juu hewani?" Kaka aliona ni kichekesho. Kumbe ng'ombe walipita njia yao. Sisi ndio tuliokuwa barabarani.

Sasa nafundisha Tarasaa. Serikali imewapa watoto wangu vitabu, kila mmoja chake, vipya, vinanuka wino. Sina mwanafunzi anayeketi chini akisubiri mwenzake amalize. Nikiwauliza wameonaje hadithi, wananiuliza, "Ticha, hii itakuja kwa mtihani?" Nikisema la, vitabu vinafungwa. Wana simu za wazazi wao, wanakutumia kitabu kizima kwa kubonyeza mara moja, na hakuna anayekisoma wala anayekuuliza kama umekisoma. Nilijaribu kubandika karatasi nyuma ya jalada. Mtoto mmoja akachora uso unaocheka, wote waliomfuata wakachora uso unaocheka. Nisiwalaumu sana. Sisi tulikuwa na maneno, na tazameni tulivyoyatumia.

Mwezi uliopita, siku ya soko la mifugo, nilikuwa Garsen nikamwona akiuza maziwa. Nilimjua kwa namna alivyoinamisha kichwa upande mmoja kusikiliza mteja. Nilienda nikanunua maziwa nisiyoyahitaji. "Habiba," nikasema. Alinitazama, akanijua palepale.

"Karibu, Mwalimu," akasema. Hakuniita Esta. Alikuwa anajua kazi yangu, basi alikuwa akisikia habari zangu miaka yote hii, kama nami nilivyokuwa nikisikia yupo upande wa Minjila, karibu tu na Garsen, na sikwenda.

Wiki iliyofuata nilirudi na kitabu. Nilikichagua kwa siku tano, nikakivika jalada la pakiti ya unga, nikabandika karatasi nyuma kwa uji wa ngano. Nikaandika: "Kizuri. Nilikukosea, Habiba, na ng'ombe hawakuwa na kosa. Nisamehe. Apewe Habiba."

Alijifuta mikono kwenye leso kabla ya kukipokea. Hakutazama jina wala picha. Alikigeuza akakifungua kutoka nyuma, kama zamani, akasoma kwa kidole, taratibu, mara mbili. Binti yake, msichana wa umri wa wanafunzi wangu, alikuwa akimvuta mkono waondoke: "Mathe, gari inajaa, tuishie." Habiba akamwambia asubiri.

"Umeandika vizuri," akaniambia. "Lakini lile la kwanza lilisomwa na darasa zima. Hili nimelisoma peke yangu."

Akakifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima yote ambayo sikustahili. Akabeba madumu yake akaenda.

Ndiyo maana naandika haya hadharani, kwa ajili yenu mliokuwepo. Nilijaribu kwanza kwenye kundi letu la simu, lile la darasa letu. Nilipiga picha ukurasa wa nyuma wa kitabu alichonirudishia nikautuma, nikaeleza kisa. Komora alituma uso unaocheka kwa machozi. Mwingine akauliza mechi ni saa ngapi. Kufikia alasiri ujumbe wangu ulikuwa umefukiwa na matangazo ya mazishi na harusi. Hapo ndipo nilipohesabu majina ya kundi moja moja, watu thelathini na wanane, nikaona Habiba hayumo. Hakuwahi kuwekwa. Na aliyelianzisha kundi lile, anayeamua nani aingie na nani abaki nje, ni mimi.

Enzi zetu kitabu kimoja kilipita mikono arobaini, na kila mkono ukaacha neno kwa ajili ya mwenzake. Leo hatuachiani kitu. Kitabu chake kiko mezani hapa nilipo, na chini ya mwandiko wangu karatasi ni tupu. Nilicheka mbele yenu nyote, na mbele yenu nyote nasema nilimdhulumu. Kama kuna mmoja wenu anayepita Minjila na bado anajua kusoma kitu hadi mwisho, amsomee haya, amwambie yamesomwa na watu. Mimi akiniona ataniita Mwalimu, si Esta.