Santuri Iliyotetewa kwa Mdomo

Nilikosea kuhusu Mama Joséphine kabla hajatamka neno. Alipopanda baraza la mzee Patient Okito, hapa mtaani Mikelenge, Jumapili moja baada ya misa, akiwa amekumbatia kitu bapa kilichofungwa kwa kitenge, nilijiambia kwamba amekuja kulia. Nilidhani atamtaja marehemu mumewe, atafuta macho kwa pembe ya leso, nasi tutamhurumia bila kumpa alichokifuata. Nilikuwa hata nimeanza kupanga maneno ya kumfariji. Sijui kwa nini mtu aliyekaa sana darasani hupenda kujiandaa kwa yale ambayo hayaji.

Chama chetu kinahitaji maelezo. Sisi ni kundi dogo la wapenzi wa rok ya zamani, ile ya magitaa yanayolia na ngoma zinazogonga kifuani. Santuri zetu zilitoka Kalima, zilikoachwa na wahandisi wa Kizungu wa mgodi walipofungasha na kwenda kwao. Kwa kuwa wengi wetu hatusomi Kiingereza, kila santuri tunaiita kwa picha iliyo kwenye jalada lake: Ya Daraja, Ya Moshi, Ya Ndevu. Zote hukaa katika sanduku moja la chuma, na kazi yetu ya Jumapili ni kubishana ni zipi zinazostahili kubaki humo.

Sanduku hilo lina historia. Wakati wa vita, mji wetu ulipofungwa, treni haiji na mto haupitiki, Patient alilifunga juu ya baiskeli akalisukuma hadi mashamba ya Kailo, walikokimbilia wengi. Santuri ambazo hazikuenea humo zilibaki nyuma na hazikuonekana tena. Huko Kailo umeme haukuwepo, na betri zilikuwa adimu kuliko chumvi. Basi watu walibishana kwa mdomo. Aliyetaka kuisifu santuri ilimpasa kuiimba: gitaa kwa pua, besi kwa koo, ngoma kwa mapaja. Vita vilikwisha, lakini yaliyofanywa kwa dhiki yakageuka sheria. Hadi leo ikiingia santuri moja, lazima moja itoke. Anayeileta hutaja ile anayotaka iondolewe, kisha huitetea yake kwa mdomo kabla haijapigwa. Wanachama hupiga kura kwa viti: kila mmoja huinua chake na kukipeleka upande anaouunga mkono. Santuri ikikataliwa hairudi tena.

Thaddée, mume wa Mama Joséphine, alikuwa fundi umeme mgodini Kalima na mmoja wa waliokimbilia Kailo. Miaka yote ya vita alishikilia kwamba santuri bora kuliko zote haimo sandukuni. Jalada lake, alisema, lina dirisha lenye mvua, na mhandisi mmoja alikuwa akiipiga nyumbani kwake kila Jumamosi, naye Thaddée akiwa juu ya dari anatengeneza nyaya. Hakuna mwingine aliyewahi kuiona. Patient ndiye aliyembatiza Papa Dirisha, yaani Baba Dirisha, na jina likamganda. Alizikwa nalo. Hata sokoni, mtu akikoleza hadithi kupita kiasi, wenzake humwambia, "Hilo ni dirisha," yaani huo ni uongo. Mama Joséphine, anayeuza mchele katika soko hilohilo, alilisikia neno hilo kila siku ya Mungu.

Sasa kitenge kilifunguliwa. Dirisha likaonekana, na mvua yake.

Hakuna aliyecheka. Patient alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Umeitosha wapi, mama?" aliuliza, akitaka kujua ilikotoka.

"Kalima. Ilikuwa chini ya godoro la mama moja. Nikamupa mchele, akanipa dirisha."

"Na unataka gani itoke?"

"Ya Ndevu."

Hapo baraza zima lilipasuka kwa kicheko, maana Ya Ndevu ililetwa na Blanchard, mfanyabiashara kutoka Butembo anayeuza vipuri vya pikipiki, ambaye hapendi kushindwa hata katika kusalimiana.

"Mama, ndevu za muntu hazishikwi-shikwi!" alipaza sauti.

"Za kidevu chako nitakuachia, Papa Blanchard. Za diski njo zitatoka," alijibu, akiikaza ile "njo" yetu, yaani ndizo hasa.

Niliinama karibu naye nikamnong'oneza kwamba sheria inamruhusu kutetewa na mtu mwingine. Nilidhani ninamwokoa.

"Licencié," aliniuliza, akiniita kwa shahada yangu ya chuo kama wote, kwa sauti ya kusikika, "wewe unaijua hii diski?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa."

Nikakaa.

Blanchard alianza, kama ilivyo haki ya anayeshambuliwa. Ni lazima niseme ukweli: alikuwa mzuri. Tumbo lake ni ngoma halisi, na alilipiga bila huruma. Alipofika kwenye gitaa la mwisho alifumba macho, akapanda juu ya stuli, akashuka kwa mruko uliotingisha vikombe. Alipomaliza, jasho likimtiririka, viti viwili vilikuwa vimekwisha kusogea upande wake. Niliuona mchezo umekwisha.

Mama Joséphine hakupanda juu ya kitu chochote. Alisimama wima, akaanza kwa kucha zake juu ya jalada: matone, machache, halafu mengi. Mguu wake wa kulia ukaingia na ngoma, mzito, ukichelewa kidogo kila mara kama mtu anayetembea matopeni bila wasiwasi. Kisha gitaa likatoka puani, jembamba na lenye uchungu, likapanda, likajikunja, likapanda tena mahali ambapo nilidhani hapana tena pa kupanda. Hakumtaja mumewe. Hakutaja vita, wala Kailo, wala jina lile. Alitutazama mmoja mmoja machoni huku akiimba, na kila aliyetazamwa aliacha kuchezea alichokuwa nacho mkononi.

Katikati alinyamaza ghafla. Ukimya ukawa mrefu hata Blanchard akafungua kinywa, akidhani amesahau. Hapo ngoma zikarudi zote kwa pamoja, mguu, paja na kiganja ukutani, na Patient, mzee wa watu, akajikuta amesimama.

Nilishika kiti changu bila kukiinua. Nilijiuliza kama kilichonigusa ni muziki au ni aibu ya kile nilichokuwa nimemfikiria. Wenzangu hawakuwa na maswali hayo. Viti viliburutwa, vikabebwa vichwani, vikapishana hewani. Vile viwili vya upande wa Blanchard vikarudi mbio. Nilipoamua, nafasi zote karibu na Mama Joséphine zilikuwa zimejaa, nikakiweka changu kwenye ngazi.

Blanchard alibaki peke yake katikati ya sakafu tupu.

"Sasa munaniacha hapa kama mugonjwa wa kuambukiza?" alilalamika. Akainua kiti chake, akakibeba kichwani, akaja nacho akicheza mdundo wa mama. Baraza likalipuka kwa makofi na vigelegele, hata majirani wakaja kuuliza ni harusi ya nani.

Ndipo mashine ya santuri ilipowashwa, kwa umeme wa paneli ya jua iliyo juu ya paa la Patient, na santuri ikapigwa. Matone yaleyale. Mguu uleule mzito. Tuliitikia kila kipande kwa kelele, kama watu wanaomtambua ndugu yao anayeshuka kwenye treni. Ukimya wa katikati tu ndio uliokuwa mfupi kuliko wa Mama Joséphine.

"Hapa muzungu ameharakisha," alisema Blanchard, na hakuna aliyempinga.

Mama Joséphine alikuwa ameegemea ukuta, mkono kifuani. Gitaa lilipoanza alicheka kwa sauti, mara moja tu, nami nikakichukulia kuwa kicheko cha mshindi.

Patient alimrudishia Blanchard Ya Ndevu kwa mikono miwili. Kisha akaiweka sandukuni santuri mpya, akamgeukia mjane.

"Mama, lile jina nililitoa mimi. Thaddée alisema kweli. Kuanzia leo, muntu akisema kweli tupu, tutamwambia hilo ni dirisha."

Na ndivyo inavyosemwa sokoni sasa, ingawa wageni huchelewa kuelewa.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na Glodie, binti wa Mama Joséphine, nikamuuliza ni mashine gani aliyotumia mama yake kujifunza santuri ile vizuri namna hiyo.

"Mashine gani, Papa Licencié? Nyumbani hatujawahi kuwa na mashine. Baba njo alikuwa anamwimbia, kule Kailo, wakifukuza ndege kwenye mpunga. Mama aliisikia diski yenyewe mara ya kwanza pale barazani, pamoja na ninyi."