Mawe ya Msingi na Pikipiki Isiyo na Kiti

Wewe unayenisikiliza, kabla sijakueleza jinsi nilivyopoteza mahali pangu pa mwisho pa kuendeshea, ngoja kwanza nikuonyeshe pikipiki yenyewe. Usipoiona vizuri utafanya kosa lile lile ambalo watu wa Kolwezi hulifanya kila nikitoka nayo, na sitakulaumu, maana hata mimi siku ya kwanza niliizunguka nikitafuta kilichopungua.

Haina kiti. Haikuvunjika wala haikuibiwa, imetengenezwa hivyo. Ni pikipiki ya kupandia mawe. Mwendeshaji husimama muda wote juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, na kuipandisha polepole juu ya mwamba, gogo au ngazi bila kuweka mguu chini. Mguu ukigusa ardhi, umekosea. Mbio hazimo kabisa katika mchezo huu. Fundi mmoja wa kigeni aliniachia alipomaliza mkataba wake mgodini, kwa sababu hakuna dereva wa taximoto aliyeitaka. Abiria angekaa wapi? Mimi nafundisha umekanika katika shule ya ufundi, na mtaani wananiita prof. Niliipenda mara moja kwa vile kila kitu chake kiko wazi: injini, mnyororo, feni ndogo ya kupozea maji, vyote unaviona bila kufungua kitu.

Kuitunza hapa kwetu si kazi ndogo, lakini usiogope, inajifunzika. Adui wa kwanza ni vumbi. Malori yanayobeba shaba yakipita wakati wa kiangazi, barabara yote inanyanyuka hewani, na vumbi hilo likiingia ndani ya injini linasaga chuma kama mchanga uliomo ndani ya bukari, ugali wetu, unavyosaga meno. Kinachozuia ni sponji moja tu, filta ya hewa. Unaitoa, unaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, unaikamua kwa kuibonyeza, si kwa kuisokota kama nguo, la sivyo itachanika. Unaianika kivulini. Ikikauka unaipaka mafuta yake, unaibonyeza tena hadi rangi iwe sawa pande zote, ndipo unairudisha. Nimewafundisha wanafunzi wangu jambo hili mara nyingi, na wote wanalielewa. Kwa hiyo nilijiona mtu anayejua kueleza.

Jambo la pili ni tairi, na hapa ndipo msiba wangu ulipoanza. Tairi la pikipiki hii linatakiwa kuwa laini. Likigusa jiwe lazima lilegee, lilale juu ya jiwe, lilikumbatie. Likiwa gumu litadunda na kuteleza. Kwa hiyo mimi hutembea na upepo mdogo sana, polepole, pembeni mwa barabara, na kwa macho ya mtu mwingine yeyote nimepata pancha.

Hebu fikiria safari yangu ya kawaida. Natoka nyumbani kwangu Manika, sijafika hata kona, mama anayeuza maandazi anapaza sauti: "Prof! Kiti balikuibia?" Namwambia hapana mama, haikuwa na kiti. "Basi balikuuzia nusu!" Mbele kidogo dereva wa taximoto ananifuata ubavuni na kunyooshea tairi kidole: "Tata, pneu! Pneu!" Namwinulia mkono kushukuru, naye anadhani sikusikia, ananifuata hadi njia panda. Askari wa barabarani ananisimamisha, anaangalia karatasi zangu, zote ziko sawa, halafu anainama kutafuta kiti kana kwamba nimekificha. Wote hao ni watu wema. Hilo ndilo linalochosha zaidi. Huwezi kumkasirikia mtu anayekuonea huruma.

Na mahali pa kupandia? Hapa tumezungukwa na vilima vya mawe yaliyotolewa migodini, ungedhani nimefika peponi. Walinzi walinifukuza mara ya kwanza tu, wakisema natafuta njia za kupitishia magunia ya madini ya wizi. Kwenye uwanja wa mpira nilisimamisha mechi bila kukusudia, kwa sababu wachezaji wote walikuja kuangalia. Kando ya reli nilikatazwa. Ikabaki sehemu moja, kiwanja cha mama mmoja mjane anayeuza unga wa muhogo sokoni, ambaye tunasali naye kanisa moja. Alikuwa amekusanya mawe ya msingi wa nyumba yake, lori moja leo, jingine baada ya mavuno, hadi yakawa kichuguu kizuri chenye mawe makubwa bapa na mengine yenye ncha. Yeye na watoto wake wanapanga chumba, na msingi huo ndio ulikuwa tumaini lao la kuhama.

"Panda, prof," aliniambia. "Panda hata kila siku, majiwe haichoki. Neno ni moja tu. Hakuna jiwe itatoka hapa."

Nikamwahidi. Nikaanza kwenda kila jioni baada ya masomo. Niliyajua mawe yale kama unavyozijua ngazi za nyumbani kwako. Kulikuwa na moja bapa, jekundu, lililolala upande, ambalo nilikuwa nikijaribu kulipanda na kusimama juu yake bila kugusa chini. Nilikuwa karibu kulishinda.

Sasa sikiliza ilivyokwenda. Jumamosi moja nilipita sokoni kununua sabuni ya kuoshea filta. Niliegesha pikipiki kando ya kwado, fundi wa kuziba pancha, kijana mcheshi ninayemjua, nikamwomba aitupie jicho. Niliporudi alikuwa anafuta mikono.

"Prof, nilikusaidia," alisema, na akaligonga tairi la nyuma kwa kisigino. Lilitoa sauti kama ngoma. "Ulikuwa unatembea bila upepo."

"Ndugu yangu, ni mimi niliyelilegeza. Linatakiwa kuwa laini."

"Laini?" Akawageukia wenzake. "Munasikia? Prof anapenda pancha!" Wakacheka wote. Nilimweleza kuhusu jiwe na kulikumbatia. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akanipiga begani. "Usione haya, prof. Leo ni bule."

Ungekuwa wewe, ungetoa upepo wa mtu mbele ya macho yake, naye ndiyo kwanza anatabasamu? Nilishindwa. Nilisema aksanti, nikaondoka nikidunda kila shimo, na nia yangu ilikuwa kulilegeza nikifika.

Nilipofika kiwanjani, vijana fulani wachimbaji wa madini, waliopanga nyumba ya jirani, walikuwa wameketi ukutani. Wengine wametoka Kasai, wengine kaskazini ya Katanga, na siku ile hawakuwa wameenda shimoni. Kunitazama ilikuwa sinema yao. Hata sijasimama vizuri wakaanza: "Panda! Panda! Prof, leo utalala juu!" Kelele ikanichanganya, nikasahau kutoa upepo, nikalielekea jiwe jekundu moja kwa moja. Gurudumu la mbele likapanda. La nyuma, gumu kama chupa, likateleza, na mimi nikaanguka ubavu huku wao wakipiga makofi.

Nikapiga magoti pale pale kutoa upepo. Nilifungua kifuniko cha valvu, kidude cheusi kidogo kama punje ya hindi. Kilinitoka mikononi, kikaanguka kati ya mawe. Nikakitafuta. Nilisogeza jiwe moja, nikachungulia, nikasogeza jingine. Nilipokiona nilikipangusa vumbi kwenye suruali, nikakiinua juani kuona kama hakijapasuka, nikakitia mfukoni. Nikaendelea na upepo. Makofi yalikuwa yamekoma. Nilifurahi, nikadhani wamechoka kunicheka.

Wewe huishi hapa, labda. Basi nikueleze walichokiona wao. Walimwona mwalimu mwenye elimu ya vyuma, aliyekuja kila jioni na mashine ya ajabu kukanyaga mawe yale yale, akipiga magoti, akichimbua, akiinua kitu cheusi juani na kukificha. Na katika mji huu, jiwe jeusi ni kobalti, na kobalti ni pesa.

Kesho yake tulipotoka kanisani, mama alikuwa mbele yangu na kitenge chake cha Jumapili. Alifika kiwanjani kwanza. Nilimwona akisimama, akiweka Biblia juu ya kichwa kama mtu anayejikinga mvua. Kichuguu hakikuwapo. Mawe yalikuwa yametawanywa hadi barabarani, mengine yamepasuliwa kwa nyundo, na pale yalipokuwa palikuwa na shimo linalomfikia mtu kifuani. Ndani yake kulikuwa na vijana wawili, na wengine juu wakivuta ndoo.

"Prof," mama alisema bila kugeuka. "Mi nilikuambia nini?"

Nikafanya ninachojua kufanya. Nilieleza. Niliwaita vijana, nikaileta pikipiki, nikabonyeza tairi, nikawaonyesha valvu, nikafungua kifuniko na kukiweka kiganjani. "Hiki ndicho nilichokitia mfukoni jana. Kitazameni."

Walikitazama kwa zamu. Aliyekuwa mkubwa wao akatikisa kichwa. "Prof, ile ya jana ilikuwa kubwa."

"Ni hiki hiki."

"Na kwa nini ulikuwa unarudi hapa kila siku?"

"Kwa mazoezi. Mtu hurudia jambo lile lile mpaka alijue."

"Njo hivyo! Mutu anarudi pahali kama kuna kitu," akasema, na wenzake wakaitikia.

"Hakuna kitu hapa. Naapa."

"Kama hakuna kitu, juu ya nini unatokwa na jasho?"

Kila neno nililosema liliongeza kina cha shimo. Nilieleza polepole, wakasema nachagua maneno. Nilieleza kwa hasira, wakasema imeniuma. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba wangenipa sehemu yangu, nisihangaike. Miaka yote darasani sijawahi kuwa na wasikilizaji makini kama wale, na hawakuamini hata sentensi moja.

Aliyewazuia ni mama. Alivua viatu, akateremka shimoni na kitenge chake cha Jumapili, akakaa chini. "Chimbeni sasa. Chimbeni hapa mi nilipokaa." Hakuna aliyeinua jembe. Wakapeleka gunia la mawe waliyokwisha kuyapasua kwa wanunuzi wa madini, na jioni wakarudi na gunia lile lile. Walikuwa wamechekwa, walituambia, hata hawakupimiwa.

Lakini uvumi hauwezi kujazwa udongo kama shimo. Jumatatu walikuja watu wengine tusiowajua, wakasimama barabarani wakiangalia. Mama aliona kwamba akingoja, kiwanja kitaliwa chote. Akamwita fundi mwashi wiki ile ile, kabla hajajiandaa, kabla hajamaliza kukusanya saruji, na msingi ukaanza. Nililazimika kusaidia, na nilitaka. Mimi na wawili kati ya wale wachimbaji tulikusanya mawe kutoka barabarani tukiyabeba kwa mikono. Mmoja wao, kila alipoinua jiwe jeusi kidogo, alinitupia jicho. "Iyi nayo hapana?" Nami nikamjibu, "Hapana, ndugu, tia."

Jiwe langu jekundu bapa liliingia kona ya chumba cha kulala. Nilimsaidia mwashi kuliweka, nikaliangalia likifunikwa saruji. Sikuwa nimelipanda hata mara moja.

Msingi ulipokauka ulikuwa mzuri, umenyooka, unafika magotini, na upana wake unalitosha tairi langu hasa. Nilimuuliza mama, kwa utani nusu tu, kama naweza kuujaribu.

"Prof," alisema. "Ile pikipiki yako inasema na batu kuliko weye. Iache nyumbani."

Tangu hapo nafanya mazoezi uani kwangu, kati ya jiko na tangi la maji, nimesimama palepale bila kusonga, najifunza kukaa wima tu. Majirani wanaopita wanauliza kama imekataa kuwaka, na mmoja ameshaniletea pampu. Kama na wewe siku moja utapata pikipiki ya namna hii, usikate tamaa. Mchezo wenyewe ni mzuri. Ila kabla hujafungua lango, kaa chini uani, fungua valvu, punguza upepo, kisha bonyeza katikati ya tairi kwa kidole gumba. Likizama kidogo kama parachichi lililoiva, rudisha kifuniko cha valvu, kikaze, na usikifungue tena mpaka urudi nyumbani.