Mashine Isiyosimama Tena

Ni mimi niliyejisifu kwamba kompyuta ya kampuni yetu, hapa Likasi, haitasimama tena. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo ikajifanya kubwa: kurasa nyingi zilikaa kwenye diski, nayo ilileta kila mara ukurasa iliouhitaji. Ukurasa ukigoma kuja, ilisimama na kupiga kengele. Kengele hiyo ilinichosha. Nikaiandikia amri: ukurasa ukikosekana, tumia uliotangulia, nyamaza, endelea.

Mwezi mzima ikawa kimya. Shefu wa ofisi akanipa mkono, nami nikatembea kifua mbele.

Ikafika siku ya unga, ambao kampuni huwagawia wafanyakazi kufuatana na ukubwa wa familia. Kwenye foleni nilikuwa nyuma ya Papa Ilunga. Jumapili iliyofuata wajomba zangu walikuwa waende kwake kuniposea binti yake. Karani akasoma orodha ya mashine kwa sauti:

« Citoyen Kazadi! Bibi mumoya, batoto saba! »

Jina langu, familia ya mtu wa ukurasa uliotangulia.

Papa Ilunga akageuka polepole. « Kazadi, weye uko na batoto saba? »

« Hapana, Papa! Ni mashini! »

« Mashini njo ilizala? »